Herufi Mbili

Hakimu alisema, "Fungeni dirisha,"
na dirisha letu pale Kongwa halijafungika
tangu upepo wa Julai ule ulioondoka na bawaba.
Nikapanda juu ya kiti. Nikabandika kalenda ya benki,
ya miaka miwili nyuma, Januari hadi Desemba,
na vijana wa bodaboda waliokuwa wakinyoosha shingo huko nje
wakabaki wakisoma sikukuu zilizokwisha kupita.

"Asiyehusika atoke."
Akatoka mjumbe wa kitongoji, akiapa kwamba anahusika.
Akatoka shangazi wa mshtakiwa na kikapu chake cha karanga.
Akatoka hata askari mmoja aliyezidi idadi.
Tukabaki wachache kama meno ya mtoto.

Ndipo akala kiapo. Sauti yake nyembamba
lakini haikukatika, kama uzi wa kushonea magunia.
Akataja jina lake lote: la ubatizo, la bibi yake, la ukoo,
hilo la ukoo lenye ng'ombe na kilima ndani yake,
na vidole vyangu, kwa mazoea, vikaliandika lote.

"Karani," hakimu akasema bila kuinua macho,
"futa hilo. Weka herufi mbili. Zisiwe zake."

Nani alifundishwa kumbatiza mtu namna hiyo?
Nikatazama pembeni. Kwenye kona palikuwa na gunia
la mbegu za alizeti, kielelezo cha kesi nyingine, ya wizi,
limepigwa chapa nyeusi. Nikaazima herufi mbili za mwanzo.
Kisha nikabonyeza kufuta, nikihesabu:
ishirini na mbili zikaondoka kuanzia nyuma,
kama mbuzi waingizwao zizini jioni, mmoja, mmoja,
mpaka pakawa peupe.

Aliyoyasema siyaandiki. Hayo yana mahali pake:
kabati la chuma, kufuli mbili,
ufunguo mmoja kwa hakimu, mmoja kwa Mzee Chilongani
ambaye sikio lake moja halisikii
na mdomo wake wote hausemi.

Nyumbani mama anakoroga mlenda.
"Nasikia leo ilikuwa ile kesi. Ni mtoto wa nani?"
"Wa mtu."
"Mtu wa wapi?"
"Wa huku huku."
Mama si mbaya. Anasema anataka kumwombea,
na sala isiyo na jina itafikaje?
Namwambia, Mungu ana nakala halisi.
Hakunisemesha mpaka Jumapili.

Sheria ni karatasi tu, watu husema.
Mimi nimeishi na karatasi:
najua inavyolowa, inavyochanika, panya anavyoipenda.
Lakini siku ile kalenda moja kuukuu
ilizuia macho kumi na manne.

Hukumu ikatoka. Miaka thelathini.
Mwandishi wa gazeti akaja na kalamu yake nzuri
akakuta chapa ya mbegu za alizeti.
Akaninunulia soda baridi, akauliza pole pole.
Soda nikainywa. Nikamshukuru. Nikafunga droo.

Mavuno mawili baadaye, sokoni Kibaigwa,
nilimwona akibishania bei ya debe, akicheka
kicheko ambacho hakimo popote kwenye faili.
Nikajifanya nachagua dagaa. Ndiyo kazi yenyewe:
kumfahamu mtu, na kutomfahamu.

Yeye ndiye aliyekuja. Vumbi la mahindi kwenye kope,
akanyoosha mkono kama jirani aliyehamia jana.
"Mimi naitwa," akasema,
akalitaja lote, la ubatizo, la bibi, la ukoo,
bila kiapo, bila kuulizwa na mtu,
katikati ya makuli waliokuwa wakihesabu magunia.

Hutaliona hapa.
Nami nikamtajia langu, Sechelela,
akasema analijua siku nyingi:
lilikuwa limebandikwa mlangoni.